Ukipata barua ya "umeiba hataza yetu" na wewe unatengeneza plastiki: fuata hatua hizi kabla hujazima mashine

Naandika hii kwa sababu nimechoka kurudia maneno yale yale kwenye simu. Mtu ana mashine yake ya kuvuta kamba za mwani pale Mikindani, mwingine anayeyusha madumu anatengeneza maboya Kilwa Masoko, siku moja inamfikia barua yenye nembo nzuri na lugha ya kutisha, kwamba bidhaa yako inakiuka hataza yetu ya mchanganyiko wa polima (yaani plastiki). Hataza ndiyo patent, haki ya mwenye uvumbuzi kuwazuia wengine wasiutumie. Basi hapo watu wanagawanyika makundi mawili: wa kwanza anazima mashine na kuuza mzigo kwa bei ya kutupa, wa pili anaificha barua chini ya godoro anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Wote wanaumia.

Mimi niliwahi kuwa kundi la kwanza. Nilizima mashine wiki sita nzima, vijana wangu wakakaa bila posho, kumbe namba niliyoandikiwa kwenye barua haikuwa hata hataza, ilikuwa ombi tu. Kampuni siitaji. Juzi tena mama mmoja kanipigia, hata salamu hatujamaliza, "mwanangu nizime mashine?" Nikamwambia shikamoo mama, usizime, kwanza nisomee ile namba iliyopo kwenye barua. Na nyie wengine naanzia hapo hapo.

Halafu jueni mimi sio wakili. Hii ni kazi ya kufanya mwenyewe kabla ya kumlipa wakili, ili ukifika kwake uende na jalada, sio na machozi.

## Vitu vya kuandaa

- Barua yenyewe na bahasha yake (tarehe ya kupokea ni muhimu)
- Simu yenye bando la kutosha au kompyuta
- Daftari gumu, sio karatasi za kuchomoka
- Sampuli za bidhaa yako, nusu kilo nusu kilo, za matoleo tofauti
- Risiti za malighafi: chengachenga, punje, rangi
- Mizani ndogo, bakuli la kioo, spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70
- Mtu anayesoma Kingereza vizuri, kwa sababu hataza za ARIPO (ofisi ya pamoja ya hataza ya nchi kadhaa za Afrika) zinaandikwa Kingereza na Kingereza chake ni kigumu hata kwa walimu

## Hatua ya 1: Soma, usijibu

Siku ya kwanza usijibu kitu. Usipige simu kuomba msamaha, usitume vois ya WhatsApp kusema "samahani nilikuwa sijui kama ni ya kwenu", maana hiyo sauti itachezwa mbele ya watu siku ambayo huitaki. Na usichome mzigo wala kufuta daftari la mchanganyiko, kuharibu kumbukumbu kunakufanya uonekane mwizi hata kama sio.

Toa vitu vinne kwenye barua uviandike: namba ya hataza, nchi, bidhaa yako ipi wanailalamikia, na wamekupa siku ngapi. Kama barua haina namba hata moja basi bado hawajakwambia kitu, na jibu lako la kwanza litakuwa kuiomba hiyo namba tu.

## Hatua ya 2: Hiyo hataza ipo hai, na ipo hai hapa?

Hapa ndio wengi wanafeli. Hataza ni mali ya nchi kwa nchi. Hataza ya Marekani au ya China haikuzuii kutengeneza na kuuza Mtwara hata kidogo, kama hawakuisajili huku. Angalia herufi za mwanzo.

US, CN, EP ni ya kwao huko. Uliza kama ina ndugu yake wa Tanzania, yaani hataza ya uvumbuzi huo huo iliyosajiliwa huku.

WO sio hataza. Ni ombi la kimataifa, mlango wa kuingilia nchi nyingi, na mwenye nalo lazima aingie kila nchi anayoitaka na kulipia. Mimi ndio hii iliyonilaza na njaa.

AP ni ya ARIPO, ile ofisi ya Harare. Hii ichukulie serious, kwa sababu ARIPO inatoa hataza moja inayofanya kazi kwenye nchi zilizochaguliwa, na Tanzania ni mwanachama. Lakini mwombaji anachagua nchi, sio zote zinaingia zenyewe, kwa hiyo angalia kama TZ ipo kwenye orodha ya hiyo hataza.

Kwa Bara rejista ipo BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Ingia Espacenet au Patentscope au Google Patents, zote bure, weka namba, utaona hali yake na ndugu zake wote wa nchi nyingine, ila usiishie hapo maana hizo tovuti zinachelewa kupata habari za Afrika. Andika BRELA uulize rasmi. Uliza na ada za kila mwaka kama zimelipwa, hataza nyingi zinakufa sio kwa kesi bali kwa mwenyewe kuacha kulipia. Umri wake wa juu kabisa kwa kawaida ni miaka 20 kuanzia siku ombi lilipowasilishwa, haihesabiwi kuanzia siku waliyokuandikia wewe.

Kama unavusha kamba kwenda ng'ambo ya Ruvuma, fanya hesabu hii hii upya kwa Msumbiji. Salama ya huku sio salama ya kule.

Watu pia wanachanganya hataza na alama ya TBS (shirika la viwango), na alama ya biashara, na hakimiliki, hadi na leseni ya biashara ya halmashauri. Hivyo ni vitu tofauti. Kuwa na alama ya TBS hakukukingi na kesi ya hataza, na kukosa hataza yako mwenyewe hakukufanyi mwizi.

*Umefaulu kama:* una karatasi inayosema hataza namba fulani, ipo hai au imekufa, Tanzania imo au haimo, siku ya kuwasilishwa ni lini. Kama imekufa au haimo, ruka hadi hatua ya 8.

## Hatua ya 3: Tafuta madai, achana na kichwa cha habari

Hataza ina kichwa, muhtasari, maelezo marefu, halafu mwisho (za Marekani na nyingine nyingi) kuna madai yenye namba. Kinachokufunga ni madai peke yake. Kichwa kikisema "Kamba ya polima" haina maana kamba zote za polima ni zao, lakini watu wanasoma kichwa wanapata presha.

Anza na dai la 1, halafu tafuta mengine yasiyosema "kulingana na dai la..." Hayo ndio madai yanayojitegemea. Usipogusa dai linalojitegemea, yale yanayolitegemea nayo hujayagusa.

Sasa likate vipande. Huu mfano nimetunga mwenyewe:

"Uzi wa plastiki wenye polipropileni asilimia 60 hadi 80 kwa uzito, polietileni ya densiti 0.941 hadi 0.965 asilimia 15 hadi 35 kwa uzito, na masizi asilimia 2 hadi 3, ambapo mchanganyiko una MFI ya 1 hadi 4."

Vipande ni vitano: kiasi cha polipropileni, aina ya polietileni kwa densiti yake (uzito kwa ujazo), kiasi chake, masizi, na MFI (wepesi wa plastiki kutiririka ikiyeyuka, nitaieleza hatua ya 6). Kila kimoja mstari wake kwenye daftari, kulia acha nafasi ya bidhaa yako. Kanuni ni kwamba wanatakiwa wakukute kwenye vipande VYOTE. Ukikosekana kimoja kweli kweli, dai hilo limekukosa.

Nasema kweli kweli kwa sababu mahakama nyingine zinaangalia pia kitu kinachofanana kabisa na kilichodaiwa. Mtu akidai asilimia 60 na wewe ukaweka 59.5 ili umkwepe, usilale usingizi mzito.

## Hatua ya 4: Angalia neno linalounganisha

Kwenye Kingereza cha hataza kuna neno "comprising" na kuna "consisting of". La kwanza maana yake yenye hivi, na vingine vinaweza kuongezeka. La pili ni hivi tu basi. Wenzetu wengi wanadhani wakiongeza chokaa au rangi ya bluu wamekwepa, kwenye "comprising" hujakwepa kitu, kama vile vipande vyote bado vimo ndani. Ila kumbuka asilimia ni za uzito wa wote, kwa hiyo chokaa ikiwa nyingi inashusha asilimia za wengine na hapo inaweza kukutoa nje. Piga hesabu, usikisie.

## Hatua ya 5: Jua plastiki yako ni nini

Aisee hapa ukweli unauma, wengi wetu hatujui tunachoyeyusha. Tunanunua kwa kilo kutoka kwa waokota chupa, madumu na viroba na vizibo vyote humo humo.

Anza na namba ya kwenye pembetatu: 1 ni PET (ya chupa za maji), 2 ni polietileni nzito, 4 ni nyepesi, 5 ni polipropileni. Halafu jaribio la bakuli:

Kata kipande kidogo, kitumbukize kwenye maji, sugua mapovu yatoke. PET (kama 1.38) na PVC zinazama. Polietileni na polipropileni zote zinaelea, kwa hiyo maji hayatoshi. Changanya vipimo 5 vya spiriti ya asilimia 70 na vipimo 2 vya maji, utapata kama nusu kwa nusu yenye densiti karibu 0.93. Humo polietileni nzito (0.941 hadi 0.965) inazama na polipropileni (karibu 0.90 hadi 0.91) inaelea.

Tahadhari mbili. Spiriti inawaka, fanya mbali na mashine na sigara. Na usije ukatumia nipa (gongo) badala ya spiriti, nawajua, hiyo hakuna anayejua ina asilimia ngapi. Kipande chenye chokaa au masizi mengi nacho kitakudanganya, kitazama kwa uzito wa vilivyomo.

Jaribio hili linakupa mwanga tu, mahakamani halisimami. Kwa namba zenye nguvu unahitaji maabara, piga simu TBS au TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda) kule Dar uulize wana kipimo gani kabla hujapanda basi na gunia la sampuli.

*Umefaulu kama:* ile safu ya kulia ya daftari imejaa, na pembeni ya kila namba umeandika umeipataje.

## Hatua ya 6: Namba imepimwaje?

Kaa hapa. Kuna kesi za plastiki duniani zilizoamuliwa kwenye swali hili na ndio sehemu ambayo sijaona mtu wa huku anaigusa.

Chukua MFI kwenye dai letu. Hicho ni kipimo cha plastiki iliyoyeyuka inatoka gramu ngapi kwa dakika 10 kwenye tundu dogo, ikisukumwa na uzito maalum kwa joto maalum. Polietileni kwa kawaida inapimwa kwa nyuzijoto 190 na uzito wa kilo 2.16, polipropileni kwa 230 na kilo 2.16 hiyo hiyo. Sasa mchanganyiko wa zote mbili upimwe kwa ipi? Plastiki ile ile ikiwa ya moto zaidi inatiririka zaidi, kwa hiyo kwa 190 unaweza ukapata 3 ukawa ndani ya dai, kwa 230 ukapita 4 ukawa nje. Kama hataza haisemi joto wala uzito wala kiwango kilichotumika (ISO 1133 au ASTM D1238), hilo ni tundu kubwa kwenye nyavu yao.

Sio maneno ya kijiweni haya. Dow na Nova Chemicals walipigana miaka mingi juu ya plastiki ya filamu, polietileni. Marekani Dow ilishinda kwa baraza la wazee wa mahakama mwaka 2010, lakini 2015 mahakama ya rufaa ikasema madai yale hayaeleweki, sababu yalitaja mteremko wa mstari kwenye grafu ya kuvuta plastiki bila kusema mteremko upimwe kwa njia ipi, na njia zilikuwepo zaidi ya moja na majibu hayafanani. Kanada kwenye hataza ya ukoo huo huo mambo yakageuka kabisa, Nova ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 600 za Kanada na Mahakama ya Juu ikaiacha hukumu isimame mwaka 2022. Plastiki ile ile, wagomvi wale wale. Ndio maana nilikwambia nchi kwanza.

Mtego mwingine ni "uzito wa molekuli". Polima ni minyororo mirefu na haina urefu sawa, kwa hiyo namba inayotajwa ni wastani, na wastani zipo za aina kadhaa. Fikiria rundo la kamba za mwani, vipande 9 vya mita 1 na kimoja cha mita 11. Ukihesabu kwa vichwa, jumla mita 20 gawa kwa 10, wastani mita 2. Lakini ukiuliza mita moja ya kamba uliyoishika kwa bahati inatoka kwenye kipande kirefu kiasi gani, ambao ndio wastani wa uzito, unapata 6.5. Rundo moja, 2 na 6.5, wote wakweli. Ile kesi ya Teva na Sandoz kule Marekani juu ya dawa ya Copaxone, ambayo nayo ni polima, ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2015 ikiwa imekwama hapo hapo: hataza ilisema uzito wa molekuli bila kusema wastani upi.

Na hali ya sampuli yenyewe. Polipropileni kila ukiiyeyusha minyororo inakatika na MFI inapanda, jua nalo linaimaliza. Kamba iliyokaa miezi sita Msimbati ikipigwa jua na maji ya chumvi haitatoa namba ya kamba uliyouza dukani. Kama wao walipima kamba waliyookota ufukweni, uliza. Nailoni inanyonya unyevu, na unyevu wa Mtwara mwezi wa tatu mnaujua, nguvu yake ikiwa na maji sio sawa na ikiwa kavu, maabara nzuri inatulia kwanza sampuli kwenye nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50 ndio inapima.

Kwa hiyo kila toleo weka nusu kilo kwenye mfuko mweusi, andika tarehe, mchanganyiko, malighafi imetoka kwa nani, weka kabatini gizani. Ni kazi ya dakika tano. Hata dai likiwa la njia ya kutengeneza na sio la bidhaa, daftari hili ndio litasema wewe ulipita njia gani.

*Umefaulu kama:* kila namba ya kwenye dai ina jibu la imepimwaje, au ina alama ya kuuliza kubwa nyekundu.

## Hatua ya 7: Je ilikuwepo kabla yao?

Hataza inatakiwa iwe kitu kipya siku ya kuwasilishwa. Tafuta maandishi ya kabla ya tarehe hiyo, kutoka nchi yoyote: hataza za zamani, katalogi, vitabu vya chuo, karatasi za wauza punje. Na vitu vilivyouzwa hapa hapa nchini, ndio maana risiti za zamani usizitupe, kamba ya mwaka ule ikiwa bado ipo kwenye shamba la mtu na risiti yake ipo, ni dhahabu.

Uzingatie mambo mawili kwenye namba. Mfano mmoja wa zamani wenye polipropileni 70, polietileni 27 na masizi 3 unaweza kuangusha dai la 60 hadi 80, kwa sababu umetua ndani, ilimradi na vipande vingine vyote vimo. Lakini andiko la zamani linalosema tu "polipropileni 10 hadi 95" halitoshi peke yake, ni pana mno, mwenye hataza atasema yeye amechagua sehemu maalum. Na sifa iliyokuwepo siku zote, hata kama hakuna aliyeipima zamani, haiwi mpya kwa sababu leo mtu kanunua mashine ya kuipima. Hii ya mwisho wakili wako atabishana nayo sana, mpe sampuli ya zamani aipeleke ikapimwe.

## Hatua ya 8: Jibu

Sasa andika, kwa heshima, kifupi, bila kukiri wala kutukana. Mimi natumia maswali haya:

"Ndugu, nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Ili niweze kuijibu, naomba: namba ya hataza yenye nguvu Tanzania na uthibitisho kwamba ada zake zimelipwa, dai mnalosema nimeligusa, bidhaa yangu mliyoipima, mliipata wapi na lini, matokeo ya maabara kwa kila kipande cha dai, na njia ya upimaji iliyotumika, joto, uzito na kiwango. Barua hii sio kukubali jambo lolote."

Wakijibu yote na daftari lako linasema umo ndani, bado una njia. Badilisha mchanganyiko utoke nje kwa umbali wa kueleweka, halafu jaribu kamba baharini bamvua mbili kabla hujauza, kamba ya kukwepa kesi ikikatika na mwani wa kina mama umepata kesi nyingine. Au omba leseni, mjadiliane kwa kilo unazouza na sio kwa wanachofikiria unauza. Au wakili, na hapo muulize pia kama ulianza kutengeneza kabla ya siku ya ombi lao, haki ya aliyetangulia kutumia inakusaidiaje.

Tuma kwa njia yenye saini ya kupokea, na nakala na stakabadhi weka kwenye jalada pamoja na bahasha ya kwanza. Barua yangu ya maswali haijajibiwa hadi leo. Jalada lipo kabatini chini ya zile sampuli, na mashine inaunguruma.